Usimcheke Mfuasi wa Mgombea Mdogo

Kila baada ya miaka mitano nchi yetu hugawanyika mafungu mawili makubwa, na kila fungu hujiona kuwa ndilo taifa lenyewe. Anayesimama nje ya mafungu hayo hana jina zuri. Huitwa mpotezaji wa kura, kibaraka wa upande wa pili, au mtu aliyezidiwa na vitabu. Makala haya yanamhusu mtu wa aina hiyo. Simkusudii mgombea mwenyewe, kwa kuwa wagombea wana vipaza sauti vyao na hawakosi wa kuwasemea. Namkusudia mfuasi wake, yule mtu mmoja kijijini ambaye jina analolitaja kwa mapenzi makubwa wenzake hulijibu kwa kicheko.

Rafiki yangu mmoja ni wa namna hiyo. Ni mwalimu katika upande wa Lowarengak, kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini kabisa, katika barabara ya mawe na vumbi inayoelekea Todonyang na mpaka wa Ethiopia. Watu wa huko ni wavuvi na wafugaji. Siasa zao huzungumzwa chini ya miti, wazee wakiwa wamekalia vigoda vyao vya ekicholong, na vilevile ufukweni, mahali samaki wanapoanikwa. Katika mabaraza hayo yote mawili rafiki yangu hujulikana kuwa mtu wa Ekuru Aukot, na hajapata kukanusha.

Msomaji aliye mbali na Turkana huenda ahitaji kukumbushwa. Dakta Ekuru Aukot ni mwanasheria Mturkana aliyekuwa mkurugenzi wa Kamati ya Wataalamu iliyoandaa Katiba tuliyoizindua mwezi wa Agosti 2010. Mwaka wa 2017 aliwania urais kwa tiketi ya chama cha Thirdway Alliance. Katika uchaguzi wa Agosti mwaka huo alitangazwa kupata kura 27,311 katika nchi nzima, ilhali Bw Uhuru Kenyatta alitangazwa kupata zaidi ya milioni 8 na Bw Raila Odinga zaidi ya milioni 6. Mahakama ya Juu ilipoubatilisha uchaguzi huo tarehe 1 Septemba, Dakta Aukot alikwenda Mahakama Kuu kudai naye awe katika uchaguzi wa marudio, na tarehe 11 Oktoba Jaji John Mativo akaamua kwamba ana haki hiyo. Alirudi kwenye karatasi ya kura akapata 21,333. Mwaka wa 2022 jina lake halikuwa miongoni mwa wagombea wanne waliopigiwa kura.

Hizo ndizo hesabu anazotupiwa rafiki yangu kila anapofungua kinywa. Naye huzijibu kwa utulivu wa mtu aliyezizoea. “Mwalimu,” aliniambia safari moja, “mimi sikupiga kura ili nishangilie. Nilipiga kura ili nihesabiwe. Nami nimehesabiwa. Wewe uliyempigia mshindi, hebu nionyeshe mahali ulipohesabiwa peke yako.”

Nilimwuliza swali ambalo kila Mkenya angemwuliza: je, angempenda mtu huyo kama angezaliwa Nyeri au Siaya? Hakukasirika. Alisema kwamba alianza kumpenda kwa sababu ni wa kwao, na hakuona haya kulisema hilo, kwa kuwa Waturkana walikaa miaka mingi wakitajwa tu katika habari za njaa na wizi wa mifugo, na kuona jina la nyumbani kwenye karatasi ya urais ni jambo linalomnyoosha mtu mgongo. Lakini aliongeza jambo ambalo limenikaa akilini. Miongoni mwa Waturkana, alisema, mwanamume huzaliwa ama katika upande wa Ng'imor ama wa Ng'irisae, na upande wake hautegemei hiari yake, maana hufuata kinyume cha ule wa babake. “Upande huo sikuuchagua,” alisema. “Ukoo sikuuchagua. Mahali nilipopangiwa kufundisha sikupachagua. Basi niachie hiki kimoja nikichague mwenyewe.”

Wengi wetu hatuwezi kusema hivyo juu ya vyama vyetu. Tumevirithi, tumevifuata kwa kufuata majirani, au tumevihamia kwa kufuata mbunge aliyehama. Anayemcheka mfuasi wa mgombea mdogo kwa kupotea njia, mara nyingi njia yake mwenyewe alionyeshwa na wingi wa nyayo.

Hata hivyo, kuwa peke yako si hoja. Hapa ndipo mimi na rafiki yangu huachana, na ni vyema nieleze tunavyoachana, kwa sababu mazungumzo ya siasa yasiyofika kwenye jambo lenyewe ni porojo.

Mwaka wa 2019 chama cha Dakta Aukot kilileta mswada wa kuirekebisha Katiba ulioitwa Punguza Mizigo. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilithibitisha kwamba mswada huo uliungwa mkono na sahihi za wapiga kura zaidi ya milioni 1.2, zaidi ya ile milioni moja inayotakiwa na Katiba. Mswada ulitaka idadi ya wabunge na maseneta ipunguzwe kutoka 416 hadi 147, rais akae kipindi kimoja tu cha miaka saba, kaunti zipate angalau asilimia 35 ya mapato ya taifa badala ya 15, na wadi iwe ndiyo ngazi kuu ya maendeleo. Ulihitaji kuidhinishwa na mabunge 24 ya kaunti. Haukufika huko, mabunge mengi yakaukataa.

Rafiki yangu anauona mswada huo kuwa dawa iliyomwagwa na wagonjwa wenyewe. Mimi nilimpinga nikiwa na ramani mbele yangu. Kaunti ya Turkana ina zaidi ya kilomita mraba 68,000 na maeneobunge sita: Kaskazini, Magharibi, Kati, Loima, Kusini na Mashariki. Punguza Mizigo ingeyafuta maeneobunge yote nchini na kuipa kila kaunti wabunge wawili tu katika Bunge la Taifa, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, pamoja na seneta mmoja. Nilimwambia, “Mwalimu, leo Turkana Kaskazini ina mbunge wake, naye hata akikosa kuja Lowarengak, ni lazima aje kuomba kura. Chini ya mswada wako, wabunge hao wawili wangechaguliwa na Lodwar na Kakuma kwenye watu wengi. Mvuvi wa Lowarengak angewaona kwenye mabango.”

Alichukua kipande cha karatasi, akaanza kupiga hesabu. Leo Turkana ina maeneobunge sita katika 290, yaani takriban asilimia mbili. Chini ya mswada ingekuwa na wabunge wawili katika 94 wanaochaguliwa na kaunti, yaani asilimia mbili na ushei. “Sehemu yetu haipungui hata chembe,” alisema. “Inayopungua ni ya Nairobi yenye maeneobunge 17. Turkana ingekaa mezani na Nairobi kiti kwa kiti. Na huyo mbunge unayemlilia, fedha za wadi zingemfikia mwakilishi wa wadi, ambaye namwona kila wiki akinunua samaki.”

Nakiri kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Sikubaliani na hitimisho lake hata leo, kwa sababu sehemu ya mia si dawa ya umbali, na mwakilishi anayelitumikia eneo kubwa kuliko baadhi ya nchi za Ulaya hugeuka kuwa mgeni kwa watu wake mwenyewe. Lakini tazama, msomaji, mazungumzo hayo yalitufikisha wapi. Tulizungumzia uwakilishi, ukubwa wa kaunti, mgawanyo wa fedha na nafasi ya wadi. Katika miaka yote niliyozungumza siasa na wafuasi wa vyama vikubwa, ni nadra kufika huko. Tunaishia kuulizana nani ataungana na nani, na kabila gani litamfuata nani. Mfuasi wa mgombea mdogo hana ushindi wa kujivunia wala muungano wa kuusubiri. Hana budi kubeba hoja, maana hana kingine cha kubeba.

Sasa tuje kwenye shutuma kubwa, ile ya kupoteza kura. Hapa nawaomba walimu wa hisabati wanisaidie darasani, kwa kuwa ni jambo ambalo Wakenya wengi hulisema bila kulipima.

Katika nchi ambayo anayeongoza hushinda hata kama hakufika nusu, shutuma hiyo ina uzito. Mwaka wa 2000 huko Marekani, George W. Bush alishinda jimbo la Florida, na pamoja nalo urais, kwa tofauti ya kura 537, ilhali mgombea mdogo Ralph Nader alikuwa amepata zaidi ya 97,000 katika jimbo hilo hilo. Nasi tulikuwa na sheria ya namna hiyo. Tarehe 29 Desemba 1992 Rais Daniel arap Moi alirudi madarakani kwa asilimia 36 hivi ya kura, wapinzani wake Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga wakiwa wamegawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Wakati huo mtu angeweza kumwambia mwenzake kwamba kura yake kwa mgombea wa pembeni ilimsaidia asiyemtaka.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mambo. Sasa mshindi hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Akikosa, wawili wa kwanza huenda duru ya pili. Maana yake ni kwamba kura ya mgombea mdogo haimpi ushindi yeyote. Inaingia katika jumla, na jumla ikikua, nusu nayo inapanda.

Tuchukue mfano wa 2022. Dakta William Ruto alipata kura 7,176,141, Bw Odinga 6,942,930, Profesa George Wajackoyah 61,969 na Bw David Mwaure 31,987. Jumla ni 14,213,027. Dakta Ruto alivuka nusu kwa kura 69,000 na ushei. Kama wapiga kura 139,255 zaidi wangetoka nyumbani na kuwapigia wagombea wengine, wakubwa au wadogo, idadi aliyopata Dakta Ruto isingezidi nusu, nasi tungerudi kwenye duru ya pili. Waliojiandikisha na hawakupiga kura mwaka huo walikuwa zaidi ya milioni 7. Mwaka wa 2013 hali ilikuwa nyembamba zaidi. Bw Uhuru Kenyatta alitangazwa na kura 6,173,433, na jumla yote, pamoja na kura zilizokataliwa, ilikuwa 12,330,028. Kwa hesabu hiyo alivuka nusu kwa kura zisizofika 9,000. Mwalimu Abduba Dida, aliyekuwa hajulikani miezi michache kabla ya hapo, alipata 52,848 peke yake.

Basi nani aliyepoteza kura? Si yule aliyepanga foleni tangu alfajiri ili ampigie mtu ambaye hatashinda. Kura yake ilihesabiwa ndani ya jumla. Aliyepoteza ni aliyeketi nyumbani akisema wote ni wale wale, pamoja na aliyeharibu karatasi yake kwa hasira, kwa kuwa Mahakama ya Juu iliamua mwaka huo wa 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika hesabu ya asilimia. Anayetaka kuwakataa wakubwa wote wawili na bado awe na uzito, sheria imempa njia moja tu: ampigie mdogo.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa miji hawalijui. Kura ni siri, lakini siri hiyo hutegemea wingi. Baada ya kuhesabu, matokeo ya kila kituo huandikwa katika Fomu 34A na kubandikwa hadharani pale pale kituoni. Katika kituo cha Nairobi chenye mamia ya wapiga kura wasiojuana, kura mbili za mgombea mdogo ni tarakimu tu. Katika kituo kidogo cha mashambani, ambako watu wote huchota maji mahali pamoja, kura moja huwa na uso. Watu husimama mbele ya fomu, husoma mstari wenye “1”, kisha hugeuka kumtazama mwenyewe. Rafiki yangu hulisimulia hilo akicheka, lakini kicheko chake kina chumvi. Mtu huyo anahitaji msaada wa chifu siku za ukame, wa jirani wakati mbuzi wamepotea, na wa mwenye mashua anapotaka kusafiri. Kuipiga kura ya namna hiyo, ukijua kesho itasomwa, kunahitaji ushujaa ambao sisi wa mafungu makubwa hatujawahi kutakiwa kuwa nao.

Na kama pana mahali nchini ambapo watu hawapaswi kuudharau upweke wa kisiasa, ni upande huo wa Turkana. Kutoka ziwani ukielekea milimani unafika Lokitaung. Huko ndiko serikali ya kikoloni ilikowafunga Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba baada ya kesi ya Kapenguria ya 1953. Waliletwa huko ili wasahauliwe. Mwaka wa 1958, Jaramogi Oginga Odinga aliposimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kusema kwamba wafungwa hao bado ndio viongozi wa watu, alizomewa, na baadhi ya Waafrika wenzake wakajitenga na kauli hiyo. Siku hiyo alikuwa mtu wa pembeni. Miaka mitatu baadaye Kenyatta alikuwa huru, na waliokuwa wamenyamaza walikuwa wakigombea nafasi ya kusimama karibu naye.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi. Mwaka wa 1997 Profesa Wangari Maathai aliwania urais, na kura alizopata zilikuwa 4,246 tu katika nchi nzima. Ni chache kuliko wanafunzi wa baadhi ya vyuo vyetu. Mwaka wa 2002 watu wa Tetu walimpeleka Bungeni, na mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Miti aliyoitetea haikungoja ashinde urais ndipo iote.

Rafiki yangu huipenda sana mifano hiyo, na hapo ndipo ninapomzuia. Kwa kila Odinga wa 1958 walikuwapo watu kumi waliosimama peke yao kwa sababu walikosea. Upweke haumfanyi mtu kuwa mkweli, kama vile wingi haumfanyi kuwa mwongo. Nabii hukataliwa kwao, ndivyo inavyosemwa, lakini si kila aliyekataliwa kwao ni nabii.

Nina hoja tatu ambazo humwambia kila tunapokutana, na ningependa kila mfuasi wa mgombea mdogo azifikirie.

Ya kwanza ni kwamba sahihi si kura. Rafiki yangu hupenda kuuliza: ikiwa watu milioni 1.2 walitia sahihi Punguza Mizigo, zile kura 27,311 za miaka miwili kabla zilikuwaje chache hivyo? Anaamini kwamba pana umati uliofichwa. Mimi naamini kwamba mtu hutia sahihi wazo analolipenda kwa kuwa sahihi haimgharimu kitu, lakini anapopiga kura hufikiria usalama wake, kabila lake, na ni nani atakayempa barabara. Kulipenda wazo ni hatua ya kwanza tu. Safari kutoka kwenye wazo hadi kwenye imani kwamba wazo hilo linaweza kutawala ni ndefu kuliko ile ya Lowarengak hadi Nairobi, na hakuna mgombea anayeisafiri kwa miezi mitatu ya kampeni.

Ya pili ni kwamba si kila kushindwa ni kuibiwa. Ni kweli kwamba fedha huamua mengi katika uchaguzi wetu, na vyama vidogo havipati nafasi sawa. Lakini mfuasi anayeeleza kila matokeo kwa hongo na wizi hujifungia mlango wa kujifunza. Huwatukana pia majirani zake, maana anawaambia kwamba wao ni bidhaa. Mama anayeuza samaki akampigia kura mgombea mkubwa huenda amepima mambo yake kwa makini kuliko sisi wenye vyeti. Na asiyemheshimu mpiga kura hawezi kumshawishi.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Chama kinachoonekana mwaka wa uchaguzi wa urais tu ni sawa na mti uliopandwa kwa kutanguliza matawi. Kama wadi ndiyo ngazi kuu ya maendeleo, kama rafiki yangu anavyoamini, basi mapambano yaanzie wadini. Mwakilishi mmoja wa wadi anayesimamia hoja hizo kwa miaka mitano, akahudhuria vikao, akauliza maswali juu ya bajeti ya Lodwar na kurudi kuwaeleza watu chini ya mti, atazieneza hoja hizo zaidi ya mabango elfu moja ya urais. Nilipomwambia hivyo mara ya mwisho, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Mwalimu, wewe unataka nifanye kazi, si nishabikie.” Nilimjibu kwamba ndivyo hasa.

Tusisahau pia kwamba chama kidogo kinaweza kutenda mambo makubwa bila kushika serikali. Ule uamuzi wa Oktoba 2017 ulimfungulia kila mgombea mlango wa uchaguzi wa marudio. Na mpango wa kuirekebisha Katiba uliojulikana kwa jina la BBI ulipopelekwa mahakamani, Thirdway Alliance kilikuwa miongoni mwa waliokwenda kuupinga. Mahakama Kuu iliusimamisha Mei 2021, na Mahakama ya Juu ikauzima Machi 2022. Unaweza kuwa uliupenda mpango ule au uliuchukia, lakini huwezi kusema kwamba wadogo hawakuwa na la kufanya.

Nimewaandikia walimu na wanafunzi kwa makusudi. Mwalimu hapaswi kumfanyia kampeni mgombea yeyote mbele ya watoto wa watu, na rafiki yangu, pamoja na mapenzi yake yote, huliacha jina la mgombea wake nje ya mlango wa darasa. Lakini kuna somo ambalo linaruhusiwa na hata kuhitajika, nalo ni namna ya kumsikiliza mtu asiye na umati nyuma yake. Watoto wetu hujifunza mapema kwamba katika mjadala anayepigiwa makofi mengi ndiye aliyeshinda. Kisha wanafika vyuo vikuu wakiwa wamekwisha kugawanyika kwa makabila, na chaguzi za viongozi wao wa wanafunzi huwa picha ndogo ya zile za taifa, pamoja na maovu yake.

Ningependekeza jambo dogo kwa kila shule yenye chama cha mjadala. Mwanafunzi mwenye msimamo usioungwa mkono na mwenzake hata mmoja apewe nafasi ya kwanza kuzungumza, na wasikilizaji wasiruhusiwe kumpinga kabla hawajaieleza hoja yake upya kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataikubali. Baada ya hapo wampinge kwa nguvu zao zote, naye asionewe huruma. Kumwonea mtu huruma ni njia nyingine ya kumdharau. Mtu mwenye hoja anastahili kujibiwa.

Mimi na rafiki yangu hatujakubaliana, na sidhani kwamba tutakubaliana. Uchaguzi ujao ukifika, huenda mimi nikasimama katika foleni ndefu ya watu wanaofikiri kama mimi, naye akasimama katika foleni hiyo hiyo akifikiri peke yake. Karatasi zetu zitaingia katika sanduku moja na kuhesabiwa na karani mmoja, kila moja ikiwa ni moja. Nchi inayomlinda yule wa pili, ili arudi nyumbani bila kutishwa wala kuzomewa, ndiyo nchi ambayo yule wa kwanza naye yuko salama siku umati utakapomhama.